Zawadi, hisa, mkopo au uanachama: kuchagua njia ya kuchangisha umma kwa ajili ya mradi mpya

Mwaka 2012 kampuni changa ya Oculus ilichangisha dola milioni 2.4 kupitia jukwaa la mtandaoni la Kickstarter ili itengeneze kifaa cha uhalisia pepe kinachovaliwa usoni. Haikutimia miaka miwili, Facebook ikatangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 2, na baadhi ya waliochangia mwanzoni wakalalamika kwa uchungu kwamba wao wamelima na wengine wamevuna. Uchungu wao unaeleweka, lakini makubaliano yalikuwa wazi tangu siku ya kwanza: walitoa pesa ili wapate kifaa, fulana au neno la shukrani, wala hakuna aliyeahidiwa sehemu ya kampuni. Walipita njia moja huku mioyoni wakitarajia matunda ya njia nyingine.

Wanaotaka kuanzisha biashara au kazi ya sanaa kwa pesa za umma huuliza kwanza ni jukwaa gani linaloleta pesa nyingi. Naona swali lenye manufaa zaidi ni jingine: pesa zikishaingia, utakuwa unadaiwa nini, na nani, kwa muda gani? Njia nne zinazolinganishwa hapa, yaani zawadi, hisa, mkopo na uanachama, hutofautiana hapo kuliko mahali pengine popote. Michango ya hisani, ambayo mtoaji hatarajii kurudishiwa chochote, nimeiacha kando, kwa kuwa inafaa zaidi matibabu, misiba na shughuli za kijamii kuliko mradi unaolenga kuuza kitu.

Vigezo vya kupimia

Kila njia itapimwa kwa mambo manne. La kwanza ni deni, yaani kile ambacho mchangiaji ana haki ya kukudai baada ya kutoa pesa yake. La pili ni gharama ya kuzipata pesa zenyewe, kuanzia ada ya jukwaa hadi ada za mhasibu. La tatu ni kazi, maana kila njia hudai muda wako kwa namna yake, nyingine kabla ya kampeni na nyingine kwa miaka mingi baadaye. La nne ni hali inavyokuwa mambo yakiharibika. Baada ya hayo nitaeleza njia hiyo inamfaa nani.

Kuna sharti moja linalotangulia vigezo hivyo vyote, nalo ni kwamba umma hauji wenyewe. Mwaka 1885, fedha za kujengea msingi wa Sanamu ya Uhuru huko New York zilipopungua, mchapishaji Joseph Pulitzer aliomba michango kupitia gazeti lake la New York World na kuchapisha majina ya watoaji, hata wa senti chache. Katika miezi michache zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakiwa wametoa chini ya dola moja. Tunasifu ukarimu wa watu wale, na ni haki yao, ila tusisahau kwamba Pulitzer alikuwa na gazeti lililoingia majumbani mwao kila siku. Vivyo hivyo, mwaka 1997 mashabiki wa bendi ya Marillion ya Uingereza walichangishana kwa intaneti takriban dola 60,000 ili bendi hiyo iweze kuzuru Marekani. Mashabiki walikuwepo kabla ya kampeni. Jukwaa hukupa ukurasa, njia ya kupokea malipo na kiasi fulani cha wapita njia. Wachangiaji wa siku za mwanzo, ambao ndio huwashawishi wageni kufuata, ni lazima uwe nao tayari. Usipokuwa nao, tumia miezi sita kuwatafuta kwanza, kwa sababu hakuna njia hata moja kati ya hizi nne itakayokusaidia bila wao.

Zawadi na kuagiza mapema

Hii ndiyo njia inayofahamika zaidi, na ndiyo ya Kickstarter, iliyoanza 2009, na Indiegogo, iliyoitangulia kwa mwaka mmoja. Mchangiaji hutoa kiasi fulani na kuahidiwa kitu: kitabu, albamu, mchezo wa mezani, kifaa, au jina lake kutajwa mwishoni mwa filamu.

Deni. Unadaiwa kitu ulichoahidi, na ukishakifikisha deni limekwisha. Umiliki unabaki wako wote, haki za kazi yako zinabaki zako, na hakuna anayeketi nawe mezani kupanga biashara. Hilo ni jambo kubwa, hasa kwa msanii. Hata hivyo makubaliano ni kati yako na mchangiaji moja kwa moja. Kickstarter husema waziwazi katika masharti yake kwamba yenyewe si mhusika wa mkataba huo. Kwa hiyo lawama zote zitakuja kwako.

Gharama. Kickstarter hukata asilimia 5 ya fedha zote, na huko Marekani malipo ya kadi hukata takriban asilimia 3 pamoja na senti 20 kwa kila mchango. Watu wengi huishia kwenye hesabu hiyo, na hapo ndipo wanapoumia. Tuchukue mfano wa kitabu cha picha. Wachangiaji 300 wametoa dola 25 kila mmoja, jumla dola 7,500. Ada ya jukwaa ni dola 375 na malipo ya kadi ni dola 285, zinabaki 6,840. Tuseme unachapa nakala 500 kwa dola 6 kila moja, hizo ni 3,000. Bahasha na posta, wastani wa dola 9 kwa kila mchangiaji, ni 2,700. Umebakiwa na dola 1,140 za kumlipa mchoraji, mhariri na msanifu wa kurasa, na wewe mwenyewe hujapata chochote. Sasa posta ikipanda kwa dola 3 tu kwa kifurushi, jambo ambalo ni la kawaida pale wachangiaji wengi wanapokuwa nchi za mbali kuliko ulivyokadiria, dola 900 zinatoweka na zinabaki 240. Kampeni iliyoshangiliwa kwa kupata dola 7,500 imebakiwa na dola 240 za kulipa kila mtu aliyeifanyia kazi. Ndiyo maana namsihi kila anayechagua njia hii apime uzito wa zawadi yake kwenye mizani, ikiwa ndani ya kifungashio chake, kabla hajaandika bei ya ngazi yoyote ya mchango, yaani kiasi cha kutoa na zawadi yake. Katika nchi nyingi fedha hizi huhesabiwa kuwa mapato ya mauzo, kwa hiyo kodi nayo iwemo katika hesabu tangu mwanzo.

Kazi. Kampeni yenyewe ni fupi: Kickstarter haizidishi siku 60, na siku 30 hutosha. Kazi kubwa iko kabla na baada yake. Niliwahi kusaidia kufunga vifurushi vya kampeni ndogo ya kitabu, na kilichotuchosha zaidi hakikuwa kufunga. Kati ya siku ya mchango na siku ya kutuma ilikuwa imepita miezi minane, na watu wanahama. Anwani zilizokusanywa mapema zilituletea bahasha zilizorudi zikiwa zimekunjamana, na kila moja ikalazimu kuandika barua pepe, kusubiri jibu na kulipa posta mara ya pili. Kuomba anwani wiki mbili kabla ya kutuma kungetuepusha na sehemu kubwa ya usumbufu huo. Kuhusu kuchelewa, utafiti wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliotoka 2014, ulikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya miradi aliyoichunguza ilifikisha bidhaa baada ya tarehe iliyoahidiwa. Kwa hiyo tarehe unayoiona salama moyoni mwako, isogeze mbele.

Mambo yakiharibika. Uchunguzi mwingine wa Mollick, wa 2015, uliohoji wachangiaji wapatao 47,000 wa Kickstarter, ulikadiria kwamba asilimia 9 ya miradi iliyofikia lengo haikufikisha zawadi zake. Mfano unaouma ni wa Coolest Cooler, sanduku la kupozea vinywaji lililochangisha zaidi ya dola milioni 13 mwaka 2014 kutoka kwa watu zaidi ya 62,000. Gharama za kuzalisha ziliishinda kampuni, na ilipotangaza kufunga mwishoni mwa 2019, maelfu ya wachangiaji walikuwa bado hawajapata sanduku walilolilipia. Wingi wa pesa haukuiokoa kampuni hiyo, kwa kuwa kila mchangiaji mpya alikuwa pia sanduku jipya la kutengenezwa kwa gharama iliyozidi bei.

Ndani ya njia hii kuna uamuzi mwingine mdogo unaopaswa kufanywa kwa makini. Kickstarter hufuata utaratibu wa lengo kutimia au pesa kutochukuliwa kabisa: kadi za wachangiaji hazikatwi mpaka kampeni ifike mwisho ikiwa imefikia lengo, na miradi takriban minne kati ya kumi ndiyo hufika. Indiegogo kwa miaka mingi iliruhusu pia utaratibu wa kubaki na chochote kilichopatikana. Wa pili huonekana wa huruma zaidi, lakini fikiria hali ya mtu aliyehitaji 10,000 ili aweze kuzalisha, akapata 3,000, na sasa anadaiwa bidhaa na watu mia moja ambao hawezi kuwatengenezea. Kama mradi wako hauwezi kufanyika kwa nusu ya fedha, chagua utaratibu wa kwanza hata kama unatisha. Kama kila kiasi kina matumizi, mathalani onyesho ambalo laweza kuwa na picha 10 au 30, wa pili unafaa.

Njia ya zawadi humfaa mwenye kitu kinachoshikika au kazi yenye mwisho unaojulikana, aliyekwisha kutengeneza sampuli na kupata bei ya maandishi kutoka kwa mzalishaji. Uangalie pia jukwaa linapokea waanzishaji kutoka nchi gani, kwa sababu Kickstarter, kwa mfano, hupokea wachangiaji kutoka karibu kila mahali lakini waanzishaji wa miradi kutoka orodha ya nchi chache.

Hisa

Hapa mchangiaji ananunua sehemu ya kampuni. Jukwaa la Crowdcube la Uingereza lilianza 2011, na tangu hapo sheria za nchi mbalimbali zimefuata. Marekani ilifungua mlango kwa sheria ya 2012 iitwayo JOBS Act, kanuni zake za uchangishaji wa umma zikaanza kutumika Mei 2016, na tangu 2021 kampuni inaweza kukusanya hadi dola milioni 5 katika miezi 12. Umoja wa Ulaya una kanuni yake, inayotumika tangu Novemba 2021, yenye kikomo cha yuro milioni 5 kwa kipindi kama hicho.

Deni hapa halina mwisho. Mwanahisa ana haki ya kupata sehemu ya faida ikigawanywa na sehemu ya bei kampuni ikiuzwa, na kutegemea aina ya hisa, anaweza kuwa na kura. Kwa upande mwingine, hakuna bidhaa ya kufikisha kwa tarehe fulani, na biashara ikishindwa kwa uaminifu, huna wajibu wa kumrudishia mtu pesa yake. Hilo huwapa waanzilishi nafasi ya kupumua ambayo njia ya zawadi haiwapi.

Gharama ni kubwa. Ada za majukwaa haya kwa kawaida huzidi zile za majukwaa ya zawadi, na juu yake kuna mwanasheria, hesabu zilizokaguliwa kwa viwango vinavyotakiwa, na taarifa za kila mwaka. Gharama kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye ankara: sehemu ya kampuni uliyoitoa leo kwa thamani ndogo huwezi kuirudisha kesho kwa bei ileile. Suala jingine la kuuliza mapema ni jinsi wanahisa watakavyosajiliwa. Wanahisa wadogo 400 wakiandikwa mmoja mmoja, kila uamuzi unaohitaji sahihi zao utakuwa mzigo, na wawekezaji wakubwa watakaokuja baadaye huenda wakasita. Majukwaa mengi hutatua hilo kwa kuwaweka wote chini ya msimamizi mmoja anayeshika hisa kwa niaba yao. Kama jukwaa halina utaratibu huo, uliza kwa nini.

Kazi yake ni ya maandalizi marefu ya nyaraka, kisha mawasiliano ya miaka. Watu huvutiwa na kasi ya kampeni maarufu, kama ile ya benki ya kidijitali ya Monzo, wakati huo ikiitwa Mondo, iliyokusanya pauni milioni 1 kwa sekunde 96 mwaka 2016 kupitia Crowdcube. Sekunde hizo 96 zilitanguliwa na miezi mingi ya kujenga jumuiya ya watu waliokuwa wakiisubiri kwa hamu.

Mambo yakiharibika, mchangiaji hupoteza fedha zake zote, na kwa kawaida hana soko rahisi la kuuza hisa zake hata biashara inapokwenda vizuri. Wengi wa wanaochangia ni watu wanaokufahamu. Ninaamini ni wajibu wa mwanzilishi kuwaambia ndugu na marafiki, kwa maneno ya kawaida na si kwa maandishi madogo ya waraka, kwamba wasiweke pesa ambayo hawawezi kuikosa.

Njia hii humfaa mwenye biashara inayoweza kukua mara nyingi zaidi ya ilivyo sasa na ambayo siku moja inaweza kuuzwa au kugawa faida. Haimfai mwandishi, mchoraji wala duka ambalo mwenyewe analitaka libaki dogo na zuri, kwa kuwa mwanahisa wa biashara isiyokusudia kukua hana namna ya kupata chochote.

Mkopo

Hapa maelezo ni mafupi kwa sababu mambo yako wazi. Watu wengi wanakukopesha kidogo kidogo. Jukwaa la Kiva, lililoanza 2005, huruhusu mtu kukopesha kuanzia dola 25 bila kupata riba, na kwa wafanyabiashara wadogo wa Marekani hutoa mikopo isiyo na riba ya hadi dola 15,000. Katika nchi nyingi nyingine Kiva hupitia taasisi washirika, na taasisi hizo zinaweza kumtoza mkopaji riba, kwa hiyo asidhani mtu kwamba neno hilo la bila riba linamhusu kila mahali. Yapo pia majukwaa ya kibiashara ambayo wakopeshaji wake hutafuta riba kama mwekezaji mwingine yeyote.

Deni lina kiasi na tarehe, na likilipwa hakuna anayekudai kitu wala kumiliki chochote chako. Gharama ni riba pamoja na ada. Kazi ni ndogo kuliko katika njia nyingine zote. Ugumu uko kwenye kuharibika: marejesho yanaanza mapema, mara nyingi kabla mradi haujazaa, na mauzo yakikawia bado unadaiwa, pengine kwa dhamana yako binafsi. Kwa hiyo mkopo humfaa mwenye biashara inayoingiza pesa tayari na anayejua kila mwezi atabakiwa na kiasi gani, mathalani fundi cherehani mwenye oda asizoweza kuzimaliza kwa mashine moja. Kwa filamu ambayo haijapata mnunuzi, au kwa wazo lisilowahi kuuzwa hata mara moja, ni njia ya hatari.

Uanachama wa kila mwezi

Jack Conte, mwanamuziki wa Marekani, alikuwa akitengeneza video za gharama kubwa huku mapato ya matangazo yakiwa kiduchu, ndipo mwaka 2013 akaanzisha jukwaa la Patreon pamoja na Sam Yam. Fikra yake ni kwamba mashabiki wachache wanaolipa kidogo kila mwezi humsaidia msanii kuliko mamilioni ya watazamaji wanaopita.

Deni ni la kudumu, ila ni jepesi na linafanywa upya kila mwezi: mwanachama anatarajia uendelee kufanya kazi na kumpa kitu ambacho wengine hawapati, naye yuko huru kuondoka wakati wowote. Ada ya Patreon kwa waundaji wanaojiunga tangu Agosti 2025 ni asilimia 10, pamoja na gharama za malipo. Ada za malipo huuma zaidi hapa, kwa sababu senti chache zinazokatwa katika kila muamala ni sehemu kubwa ya mchango wa dola 2 au 3.

Kazi ndiyo kigezo kinachowashinda wengi. Kampeni ya zawadi huchosha kwa mwaka kisha huisha, lakini uanachama hauna mwisho. Nimeona waandishi hodari wakiahidi hadithi ya ziada, mazungumzo ya moja kwa moja, barua na michoro kila mwezi, kisha wakajikuta wanawahudumia wanachama badala ya kuandika kitabu kilichowaleta wanachama hao. Ushauri wangu ni kuahidi kile ambacho ungekifanya hata pasingekuwa na mwanachama: rasimu, sauti ya mazoezi, sura ya kitabu kabla haijachapwa. Usiongeze kazi mpya kwa ajili ya ngazi ya juu ya mchango.

Mambo yakiharibika, huharibika polepole na bila kishindo. Wanachama hupungua mmoja mmoja, na kwa kawaida hakuna deni kubwa linalobaki nyuma. Njia hii humfaa anayetoa kazi mfululizo, kama mtangazaji wa podikasti, mchora katuni au mwalimu wa mtandaoni. Haiwezi kumpatia mtu fedha nyingi kwa mpigo za kununulia mashine.

Kulingana na hali yako

Ikiwa una sampuli mkononi, bei ya mzalishaji na orodha ya watu mia kadhaa walioomba kujulishwa, anza na zawadi, kwa utaratibu wa lengo kutimia au pesa kutochukuliwa, na uweke lengo kwenye kiasi kidogo kabisa kinachoweza kukamilisha kazi. Ikiwa una michoro tu na bado hujajua gharama ya kuzalisha, usiende kwa umma. Tengeneza sampuli kwanza, hata kwa kukopa kifaa cha mwenzio.

Ikiwa biashara yako inahitaji fedha za kuajiri na kukua, na uko tayari kutoa taarifa kwa wanahisa kwa miaka kumi ijayo, fikiria hisa, baada ya kusoma kanuni za nchi ulikosajiliwa. Ikiwa una wateja wenye shauku lakini hutaki mwenye hisa mwingine, uza mapema kwa njia ya zawadi, kisha tumia rekodi hiyo ya mauzo kuombea mkopo wa hatua inayofuata. Njia hizi hufuatana vizuri, ila haziendeshwi vyema kwa pamoja na timu ya watu wawili.

Ikiwa wewe ni msanii mwenye wafuasi waaminifu 50 au 100, uanachama utakupa utulivu wa kuanzia, na siku albamu au kitabu kikiwa tayari, hao hao ndio watakaochangia katika saa za kwanza za kampeni yako ya zawadi. Na ikiwa biashara inazunguka na kinachokosekana ni mashine moja, omba mkopo wa bei ya mashine hiyo, uulipe, kisha uendelee na kazi yako.